Waliniita Panki

"Dada, kwako wewe ni rahisi. Una kibanda Mwaloni, una wateja, watoto wako wanasoma. Mimi nina diploma ya ualimu iliyolala kabatini, nalala chumba kimoja na wadogo zangu, na aliyekuwa mchumba wangu ameoa Desemba. Ukiniambia nina thamani mbele za Mungu nakuona kama mtu aliyeshiba anayemfundisha mwenye njaa kutafuna."

Ujumbe huo umetoka kwa binti mmoja wa Busisi, ng'ambo ya ziwa, na amenipa ruhusa niuweke hapa bila jina lake. Uliniudhi, siwezi kusema uongo. Niliusoma nikiwa mbele ya mzani pale Mwaloni, soko letu la samaki la Kirumba hapa Mwanza, nikaizima simu. Kilichonichoma ni hilo neno "rahisi". Ndugu zangu mnaonisoma mnaniona wa leo. Mnaona picha za mzigo na kitenge cha harusini. Wa beseni kichwani hamkumwona.

Basi leo ngoja nisimulie, maana nimekuwa nikiwapa mistari ya Biblia bila kuwaambia niliokotea wapi.

Mimi ni mtoto wa Magu. Nilikuja Mwanza baada ya kidato cha nne, nikafikia kwa mama mdogo Igogo, na kwa neema ya Mungu nikapata kazi kwenye kiwanda kimojawapo cha minofu ya sangara. Aliyewahi kuingia mle anajua: buti nyeupe, aproni, kofia ya nywele, na barafu mpaka vidole unaviona kama vya mtu mwingine. Nilianza na kumwaga barafu, nikapandishwa hadi meza ya kupanga madaraja. Hapo mnofu unapita mbele yako na wewe unaamua: huu wa Ulaya, huu mdogo, huu una damu, huu umelegea. Unaamua palepale, kabla mwingine haujafika. Nilikuwa na jicho, jamani. Msimamizi akiwa na wageni aliwaleta mezani kwangu, nami nikijua naangaliwa naongeza kasi. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini kila mwisho wa mwezi kuna kitu kilikwenda Magu, na nikirudi likizo wazee walinivutia kiti.

Samaki akishatolewa minofu hubaki kichwa, mgongo wa mifupa na mkia. Hiyo ndiyo panki. Kwa wasomaji wangu wa Dodoma na Mbeya: mapanki hutoka kiwandani, akina mama wakayagombania, wakayakausha juani au kuyakaanga, ikawa mboga ya mtu asiyeweza kununua samaki mwenye nyama. Nyama imepanda ndege, mifupa imepanda mlima wa Igogo. Siku hizi mengi yanasagwa kuwa chakula cha mifugo, lakini enzi zile ndiyo yaliyotulea.

Sangara walipoanza kupungua ziwani, viwanda vikawa vinafanya kazi nusunusu. Zamu zikakatwa. Asubuhi moja ikabandikwa karatasi getini yenye majina ya wanaoendelea. Niliisoma kutoka juu kwenda chini, nikaisoma tena kutoka chini kwenda juu. Langu halimo. La binti niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu limo, na hata leo sijui walitumia kipimo gani.

Wakati huo nina mchumba, na watu wa kwao walishakuja nyumbani mara ya kwanza kuzungumza mahari. Wasukuma na ng'ombe mnatujua. Hesabu ilikuwa imefika mahali pazuri, baba yangu anatembea kifua mbele. Kazi ilipokwisha, kikao cha pili kikaahirishwa. Kikaahirishwa tena. Halafu nikasikia kwa watu maneno ya shangazi wa yule kijana, aliyoyasema mbele ya wazee wa pande zote mbili: "Minofu wamekula kiwandani, sisi wanatuletea panki."

Watu walicheka. Naambiwa hata mjomba wangu alicheka.

Jina lilinifikia kabla ya habari ya kuvunjika kwa uchumba. Watoto wa pale mtaani hawakujua maana yake, walidhani ndivyo ninavyoitwa, wakawa wananiamkia kwa adabu zote: "Shikamoo dada Panki." Nawaitikia marahaba, nafanyaje sasa?

Na kama vile jina lilitaka ushahidi, njaa ikanipeleka kuuza mapanki yenyewe. Alfajiri getini kwa mabosi wangu wa zamani, nagombania mifupa ya samaki ambao juzi nilikuwa nawapangia madaraja. Mlinzi aliyezoea kuniita madam akanifundisha kupanga foleni.

Kanisani nako. Nilikuwa soprano, mstari wa mbele. Ikaja sare mpya ya kwaya, ikatangazwa kwamba asiye na sare hapandi madhabahuni. Sikuwa na hela ya sare, nikawa naimba nikiwa kwenye benchi la waumini. Hilo ningelivumilia. Lakini mama mmoja wa idara ya wanawake, na ndiye huyohuyo shangazi, alinivuta pembeni baada ya ibada akaniambia kwa upole kabisa kwamba nikae nyuma karibu na dirisha, kwa sababu ya harufu. Jumapili hiyohiyo mahubiri yalikuwa "Wewe ni kichwa, wala si mkia." Nilikaa dirishani na vichwa na mikia yangu ikinisubiri nyumbani kwenye beseni, nikawaza, hivi mhubiri huyu amewahi kumwona samaki asiye na mkia anakwenda popote?

Miaka iliyofuata nairuka. Niliuza, nilikonda, nilihama Igogo nikaenda Mabatini, nilirudi Igogo. Hakuna cha kusimulia.

Kilichonigeuza kilitokea Igombe, na wala sikwenda huko kutafuta ufunuo. Mapanki yalikuwa yameadimika, nikaenda kuhangaikia dagaa. Pale ufukweni nikampata bibi mmoja aliyenipa kazi ya kuwageuza dagaa wake mchangani na kuwachambua. Dagaa wakivuliwa usiku kwa taa huja na vitu vingine: konokono, majani, na furu. Furu ni wale samaki wadogo wasiozidi kiganja, wengine wana rangi za ajabu, ambao ukiwakuta kwenye dagaa unawatupa pembeni, bata wakale. Bibi akaniona natupa. "Lete huyo, ng'wanawane," yaani mwanangu. Alikuwa furu jike, taya limevimba kama mtu aliyeweka ubuyu mdomoni. Akambonyeza taratibu, na mdomoni mwake vikamwagika vitoto vidogo kabisa, macho tupu na mkia. Furu jike hutunza mayai mdomoni mpaka yaangue, na vitoto vikitishwa hukimbilia humohumo. Muda wote huo hali, au anadokoa kidogo tu.

Mimi nimekulia karibu na ziwa, nimefanya kazi ya samaki, nilikuwa sijui. Nilikuwa nimewatupa furu wangapi? Bibi akasema, "Huyu hana bei, lakini Mungu hakumwumba kwa kubahatisha." Akaendelea na dagaa wake kama hajasema kitu.

Baadaye nilipata mteja anayefundisha mambo ya uvuvi, nikawa namsumbua kwa maswali kila akija kununua. Ndiye aliyenieleza kwamba katika Ziwa Victoria wataalamu wanakadiria kulikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Humo tu. Wengine wanakwangua mwani kwenye mawe, wengine wanavunja konokono, wengine wanakula vitoto vya wenzao, kila mmoja na taya lake na meno yake kulingana na kazi yake. Na kwa wingi wao wote hawakuhesabiwa kitu. Miaka ya 1970 kilijengwa kiwanda hapahapa Mwanza cha kuwasaga wawe chakula cha kuku. Sangara, ambaye mwenyewe ni mgeni aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, aliwamaliza kwa kasi miaka ya 1980, na aina nyingi zikapotea. Watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden walikuwa Ghuba ya Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wakiwachunguza, na aina moja nzuri ajabu, dume lake lina mgongo mwekundu na milia meusi ubavuni, imepewa jina la kisayansi la Mwalimu: Pundamilia nyererei. Samaki ambaye sisi tunawapa bata ana jina la Baba wa Taifa. Baadhi ya furu wameanza kurudi baada ya sangara kuvuliwa sana. Aliponiambia hivyo nilifurahi kama vile nimesikia ndugu yangu ameruhusiwa kutoka hospitali ya Bugando.

Lakini hayo niliyajua baadaye. Usiku ule wa Igombe nilikuwa na yule furu tu kichwani. Nikafungua Mwanzo sura ya 1, sura ambayo kila mtu anadhani anaijua. Nikaisoma kama karatasi ile ya getini, natafuta jina langu.

Na nikaona mambo ambayo sikuwahi kuhubiriwa. Samaki wanaumbwa siku ya tano, na mstari wa 22 unasema Mungu aliwabariki. Wamebarikiwa kabla mtu hajakuwepo wa kuwavua, kuwala, kuwapima wala kuwauza. Sisi tulidhani baraka zilianza na sisi. Halafu mtu hakupewa hata siku yake peke yake! Ameumbwa siku ya sita, siku moja na ng'ombe na vitambaavyo. Na yale maneno ya mwisho, "Mungu akaona kila kitu alichokifanya, na tazama, ni chema sana," yamesemwa kwa vyote kwa pamoja, furu na mtu ndani ya sentensi moja. Na yamesemwa lini? Kabla Adamu hajafanya chochote. Hajalima, hajaoa, hajazaa, hajapata cheti. Mungu ametazama akasema chema sana, na mtu bado hana hata jambo moja la kujivunia.

Nililia, jamani. Nililia kwa sababu kiwandani nilizoea mnofu kuitwa mzuri baada ya kukaguliwa.

Ndipo nikaelewa vizuri na ule mstari wa 27, wa mtu kuumbwa kwa mfano wa Mungu, mwanamume na mwanamke. Miaka kadhaa baadaye kwenye semina ya Biblia mwalimu mmoja alitueleza kwamba kwa mataifa yaliyowazunguka Waisraeli, Misri na Babeli, aliyeitwa sura ya mungu mara nyingi alikuwa mfalme. Mwanzo inakuja inampa heshima hiyo mtu yeyote, hata mchunga mbuzi, hata mwanamke aliyekaa dirishani. Nilitamani kusimama nipige vigelegele katikati ya semina. Nadhani nilipiga kidogo.

Sasa nimjibu binti yangu wa Busisi, na wewe unayesoma huku ukijisemea "hata mimi". Kwa sababu najua mnachotaka. Mnataka kazi, mnataka ndoa, mnataka kiwanja Buhongwa chenye msingi, mnataka siku moja mrudi kwenu wakuvutieni viti. Hata mimi nilitaka, na bado nataka. Sijasema msitake. Nasema msimkabidhi Mungu mzani wa sokoni akapimie.

Tazama bondo. Bondo ni ule mfuko wa hewa tumboni mwa sangara. Wazee wa Mwaloni wanasimulia kwamba kuna wakati lilikuwa linatupwa pamoja na matumbo. Leo bondo kavu, kubwa, kilo yake inaiacha mbali kilo ya minofu, kwa sababu wanunuzi wa China wanalitaka. Nimekuja kuinuka kwa mabondo, acha niseme wazi. Mtaji wa kwanza ulitoka vikoba, nikakata leseni, nikajifunza kukausha bila kuunguza, na leo wapo wanaume wazima wenye maboti wanaonipigia simu kuuliza bei ya siku. Namshukuru Mungu. Lakini samaki ni yuleyule na bondo ni lilelile lililotupwa. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa mbali amelipenda. Kesho akiacha kulipenda, tutalitupa tena. Je, nawe utakubali kupanda na kushuka hivyo, kwa sababu mtoto wa watu mmoja ameoa mwingine Desemba?

Kwa hiyo si kweli kwamba nimepata thamani nikapata na maneno. Niliyapata maneno nikiwa na dagaa wa kuchambua wasio wangu. Kibanda kilikuja baada ya miaka. Na kingeweza kisije! Bibi wa Igombe hakuwahi kuwa na kibanda mpaka Bwana alipomchukua, na alijijua yeye ni nani kuliko mimi ninavyojijua leo.

Yesu mwenyewe alikuwa anajua soko. Katika Mathayo 10 anasema mashomoro wawili huuzwa kwa senti moja. Katika Luka 12 anasema watano kwa senti mbili. Piga hesabu. Wawili kwa moja, wanne kwa mbili. Huyo wa tano katoka wapi? Ni nyongeza. Ndivyo tunavyofanya hata sisi, mteja akinunua vizuri unamtupia kidogo juu ya kipimo, na hicho cha juu hakuna anayekiandika. Yesu anasema hata mmoja wao hasahauliki mbele za Mungu, kwa hiyo na yule wa nyongeza yumo. Ukiwa umewahi kujiona umezaliwa kama nyongeza, mtoto wa nane, mtoto wa nje, mtoto aliyelelewa kwa shangazi akipewa kilichobaki, kasome Luka 12 mstari wa 6 na wa 7 taratibu, halafu rudia.

Mimi naishi Igoma sasa. Njia yangu inapita karibu na makaburi ya MV Bukoba. Meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia kabisa Mwanza, na hadi leo idadi ya waliokufa inabishaniwa, kwa sababu abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Aliyekata tiketi ya bei ndogo hakuandikwa popote. Mama yangu mdogo alipoteza jirani yake ambaye mpaka leo hakuna karatasi inayosema alipanda. Nikipita pale siwezi kusoma "hata nywele za vichwa vyenu zimehesabiwa zote" kama pambo la kadi ya Krismasi. Wanadamu walishindwa kuhesabu watu. Kuna anayehesabu nywele. Mimi nimeegemea hapo, na kama hapo hapana ukweli basi sina pengine pa kuegemea.

Mtaniuliza, haya dada, tufanye nini? Siyo mengi. Soma Mwanzo 1 polepole, usiharakie dhambi ya sura ya 3. Wengi wetu tumeanza kusimuliwa habari zetu kuanzia sura ya 3, tukajua sisi ni wadhambi kabla hatujajua sisi ni wema sana. Dhambi ni kweli, msalaba ni kweli, lakini mtu hanunui tena kitu kisichokuwa na thamani tangu mwanzo. Halafu toka ndani. Mwanza Mungu ametupa ziwa na mawe, wengine wanalipa nauli kutoka nje kuja kuyaona, sisi tunapita Capri Point tukiangalia simu. Kaa ufukweni nusu saa uangalie ndege wa ziwani wanavyochuma riziki yao bila barua ya maombi. Zaburi ya 104 unaweza kuisoma hapohapo. Na punguza stetasi za watu, hasa za usiku. Halafu soma tena Mwanzo 1. Najua nimeshasema, nasema tena.

Na mtafute mtu mmoja anayekuita kwa jina lako. Mmoja anatosha.

Jambo moja nilikatae mapema, maana wapo watakaolichukua hili vibaya. Kujua una thamani hakulipi kodi ya nyumba. Binti wa Busisi yuko sahihi kabisa hapo. Na hakumaanishi ukae kwenye nyumba unayopigwa ukisema Mungu ananijua. Aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hapigwi. Ondoka, ukaombee huko uliko salama. Wahubiri wengine wanawapa watu thamani ya mbinguni ili wasidai mshahara wa duniani, na hao nawaambia Yakobo sura ya 5 inawasubiri, pale anapozungumzia ujira wa wavunaji uliozuiliwa unaopiga kelele.

Sasa lile gumu, ambalo nilitaka kuliacha.

Mwezi huu kanisa lile la zamani limeniandikia barua. Wana kongamano la wanawake na wanataka niwe msemaji wa siku ya kwanza, mada wamenichagulia wenyewe: "Mwanamke na Thamani Yake." Barua ina mhuri. Na aliyesaini kama mlezi wa idara ni shangazi yule. Amenitaja kama "mpendwa wetu mtumishi wa Mungu". Nilicheka peke yangu mpaka mwanangu akaja kuuliza kuna nini.

Nimesamehe, nimeombewa, nimeshatoa ushuhuda wa kusamehe katika makanisa mawili. Lakini nilipoona sahihi yake mkono ulikuwa wa baridi kama wa kiwandani. Nikawaza kwenda kule nikiwa na gari la kukodi, nisimame pale ambapo sare yangu haikupanda, niseme habari ya panki mbele yake, nimtazame. Niliwaza hata kitenge. Bado nakiwaza.

Shida ni kwamba Mwanzo 1 haikuniandikia mimi peke yangu. Kama mimi niliitwa chema sana kabla sijafanya jema, basi naye aliitwa hivyo kabla hajafanya baya. Yakobo anasema kwa ulimi uleule tunamhimidi Mungu na kuwalaani watu waliofanywa kwa mfano wake, na nilikuwa nausoma mstari huo kila mara nikimfikiria yeye na ulimi wake. Safari hii nimeusoma nikiwa na ulimi wangu mwenyewe mdomoni, umenolewa, uko tayari kwa kongamano. Hii ndiyo sehemu ya fundisho hili ambayo haiuziki. Tunapenda kuambiwa sisi ni sura ya Mungu. Kuambiwa kwamba na aliyetuvua nguo mbele za watu ni sura ya Mungu, tunatafuta kanisa lingine.

Kwa hiyo nitakwenda. Nitazungumza juu ya furu, juu ya siku ya tano, juu ya nyongeza. Panki nitaitaja, kwa sababu ni maisha yangu na sioni aibu tena, ila sitasema nani aliniita. Atakayejitambua atajitambua. Nimewaambia waandaaji sihitaji gari wala keki, ila nimeomba wale wanakwaya wasio na sare wapande siku hiyo na nguo zao za nyumbani. Hawajanijibu. Nikipata jibu nitawaambia.

Na wewe binti, Jumamosi ijayo navuka kwenda kuchukua mzigo upande wenu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kukaa na maboksi ya barafu tukisubiri kivuko, nitakuwa kwenu kabla ya saa nne. Njoo na hicho cheti, kitoe kabatini, toa na nakala. Mmoja wa wateja wangu wa kayabo, sangara wa kukaushwa kwa chumvi, ana dada yake mwenye shule ya msingi ya binafsi, na wametafuta mwalimu wa hisabati tangu muhula uanze. Sikuahidi kitu. Kama hisabati huiwezi niambie mapema nisije nikaaibika.